Taka za Majumbani na Mipango ya Halmashauri: Maandalizi ya Insha ya Hoja

Mada ya mazingira haizeeki katika mitihani ya Kiswahili. Leo itakuja kama insha, kesho kama hotuba, keshokutwa kama kifungu cha ufahamu au kumbukumbu za mkutano wa mtaa. Kwa kuwa wameizoea, watahiniwa wengi huiona rahisi, na hapo ndipo alama zinapopotea. Mtahiniwa huandika kwamba taka huleta kipindupindu, kwamba serikali itoe elimu, kwamba wananchi watunze mazingira, kisha anafunga kwa methali. Sarufi yake inaweza kuwa safi kabisa. Lakini msahihishaji amekwisha kusoma insha za namna hiyo tangu asubuhi, na ndani yake hakuna hata moja iliyomwambia ni nani hasa afanye nini.

Katika somo hili tutatumia swali moja kama kielelezo:

“Halmashauri ndizo za kulaumiwa kwa taka zilizozagaa katika miji yetu.” Jadili kauli hii kwa insha yenye maneno 250 hadi 300.

Kabla hujashika kalamu, lazima uijue kazi yenyewe inavyofanyika. Huwezi kumlaumu mtu, wala kumtetea, kwa kazi usiyoijua. Basi tuanze na maarifa, uandishi utafuata.

Maneno unayopaswa kuyamudu

Taka ngumu si lazima ziwe ngumu kwa kushika. Ganda la ndizi ni taka ngumu, na hata mabaki ya ugali. Neno hili hutumika kuzitofautisha na majitaka, yaani maji machafu ya chooni, bafuni na jikoni. Ndani ya taka ngumu kuna zinazooza, kama maganda, majani na mabaki ya chakula, na zisizooza, kama plastiki, chupa na vyuma.

Kizimba ni mahali taka za mtaa au za soko hukusanywa kusubiri gari. Dampo ni mahali zinapoishia. Hapa kuna tofauti ambayo watahiniwa wachache huitaja: dampo la kawaida ni eneo la wazi ambako taka humwagwa tu, lakini dampo la kisasa huchimbwa na kutandikwa chini ili maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka yasipenye ardhini, kisha taka hushindiliwa na kufunikwa kwa udongo. Tanzania imejenga madampo ya namna hiyo katika miji kadhaa. Chidaya jijini Dodoma, Buhongwa jijini Mwanza na Muriet jijini Arusha ni mifano unayoweza kuitaja.

Kutumia tena na kurejeleza si jambo moja. Mama akiosha chupa ya maji na kutilia mafuta ya kupikia, ameitumia tena. Chupa hiyo ikipelekwa kiwandani, ikasagwa, ikayeyushwa na kutoka ikiwa kitu kingine, imerejelezwa. Kutoka kitenzi rejeleza tunapata urejelezaji. Kutoka zoa tunapata uzoaji na mzoaji. Kutoka tenganisha tunapata utenganishaji. Swali la uundaji wa maneno linaweza kutoka hapo hapo.

Sasa ngeli, maana makosa mengi ya mada hii ni ya upatanisho. Taka na takataka ziko katika ngeli ya I-ZI: taka hizi zinaoza, wala si “taka haya yanaoza” au “mataka”. Uchafu huu umezagaa. Dampo hili limejaa, madampo haya yamejaa. Mazingira haya yamechafuka. Usiandike “mazingira hii”. Kizimba hiki, vizimba hivi. Ukiandika insha nzima kuhusu taka na kila sentensi ikawa na “taka yanatupwa”, hata hoja nzuri haitakuokoa.

Hii ni kazi ya nani?

Kisheria swali hili lina jibu. Ibara za 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania zinaanzisha serikali za mitaa na kueleza madhumuni yake. Sheria mbili za mwaka 1982, ya mamlaka za wilaya na ya mamlaka za miji, zinazipa halmashauri kazi zake, usafi ukiwa mojawapo. Kisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaja mamlaka ya serikali za mitaa moja kwa moja: ndiyo yenye wajibu wa kusimamia na kupunguza taka ngumu katika eneo lake. Sheria hiyo inataka pia taka zitenganishwe pale pale zinapozalishwa, jambo tutakalolirudia. Mwaka 2009 zikatolewa kanuni za usimamizi wa taka ngumu chini ya sheria hiyo.

Kwa hiyo anayesema halmashauri inawajibika hajakosea. Lakini halmashauri ni nani? Si gari la taka. Ni baraza la madiwani waliochaguliwa na wananchi, pamoja na watumishi wanaoongozwa na mkurugenzi. Baraza hutunga sheria ndogo, yaani sheria zinazotumika ndani ya eneo la halmashauri hiyo tu. Ada ya taka unayosikia nyumbani inatokana na sheria ndogo, na ndiyo maana kiwango cha mji mmoja hakilingani na cha mwingine. Faini ya kutupa taka barabarani nayo hutoka humo. Manispaa ya Moshi, ambayo kwa miaka mingi imesifika kwa usafi, ilijenga sifa hiyo kwa kuzisimamia sheria zake ndogo hata kwa mpita njia anayeangusha karatasi, na wakazi wake wakaona fahari kuzifuata.

Chini ya halmashauri kuna kata, na chini ya kata kuna mtaa wenye mwenyekiti aliyechaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa. Huku chini ndiko mpango unakofanikiwa au kufia. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, hivyo mtaa unaotaka kizimba kipya au gari lipite mara mbili kwa wiki hauna budi kusema mapema, bajeti ikiwa bado inaandaliwa. Anayelalamika Agosti amechelewa. Mtahiniwa anayeweza kuandika sentensi moja tu juu ya jambo hili ameshajitenga na kundi la “serikali itoe elimu”.

Safari ya ndoo moja

Tufanye hesabu kidogo, kwani hoja yenye tarakimu ina uzito. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka ilikadiria kwamba mtu mmoja katika Afrika Kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Tuseme nusu kilo ili hesabu iwe nyepesi. Nyumba ya watu 6 itatoa kilo 3 kwa siku, kilo 90 kwa mwezi: karibu mfuko mmoja wa saruji na robo tatu ya mwingine. Hiyo ni nyumba moja.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Zidisha kwa nusu kilo, unapata tani 2,692 hivi kila siku. Kwa lori la tani 10 hizo ni safari 269, siku kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na lori haliruki: linapita kwenye foleni ile ile ya daladala hadi Pugu Kinyamwezi, kisha linarudi tupu. Likiharibika springi kwenye barabara ya vumbi, mitaa iliyokuwa ikilisubiri inalala na taka.

Halmashauri nyingi haziendeshi magari hayo zote kwa mikono yao. Dar es Salaam ilianza mwaka 1994 kwa kumkabidhi mkandarasi mmoja binafsi kata 10 za katikati ya jiji, kisha wakaongezwa wakandarasi wengine na vikundi vya wakazi wenyewe. Utaratibu huo umeenea. Kikundi hupita nyumba kwa nyumba na mkokoteni au guta, kinapeleka taka kizimbani, gari linazichukua. Kaya inalipa ada kila mwezi, na malipo ya wazoaji yanatoka humo.

Mpango huu ni mzuri kwenye karatasi, lakini una ugonjwa mmoja ambao unastahili aya nzima katika insha yako. Gari lisipopita wiki mbili, mwenye nyumba husema, “Nitalipia nini?” Naye anagoma. Ada isipolipwa, mkandarasi hana fedha za mafuta, na gari linakosa kupita wiki ya tatu. Wapangaji wanachoka na funza kwenye ndoo. Mmoja anachoma uani, na moshi wa plastiki unaingia kwenye vyumba vya watoto wa jirani. Mwingine anasubiri mvua kubwa inyeshe usiku, anafungua kiroba chake kwenye mtaro na kuuachia mtaro kazi. Asubuhi mtaro umeziba, maji yameingia kwa watu wa bondeni. Hapa ukiuliza nani alianza kukosea, utazunguka kama kuku na yai. Wakazi wa Jangwani na bonde lote la Mto Msimbazi wanaujua mwisho wa safari hiyo ya kiroba. Mvua kubwa za Desemba 2011 zilisomba nyumba na kuua watu, na wengi waliobaki walihamishiwa Mabwepande. Ni kweli kwamba mafuriko hayaletwi na taka peke yake. Mvua ilikuwa kubwa na bonde ni bonde. Lakini mtaro uliojaa plastiki haupitishi maji, na hilo halihitaji mtaalamu kulithibitisha.

Wananchi walipoishtaki halmashauri

Huu ndio mfano bora kuliko yote katika mada hii, na ni nadra kuuona kwenye insha za watahiniwa.

Katika miaka ya 1980 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa ikimwaga taka Tabata, katikati ya makazi ya watu. Wakazi walivumilia harufu, nzi na moshi wa taka zinazoungua mchana na usiku. Barua hazikusaidia. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaamuru dampo lile lifungwe na litafutwe eneo jingine lisilodhuru watu. Halmashauri haikubisha kwamba eneo halifai; iliomba muda, kisha ikaomba tena muda. Mwaka 1991 ilipoomba kwa mara nyingine, Jaji Lugakingira alikataa. Alisema kuhatarisha afya za watu kwa namna ile kunapingana na ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi na kulindwa maisha yake.

Fikiri uzito wa uamuzi huo. Kabla yake, taka zilionekana ni suala la harufu tu. Baada yake, taka zilikuwa suala la haki ya uhai.

Halafu ikawaje? Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, mbali na katikati ya jiji. Kila dampo lilipofungwa watu wa pale walishangilia, na watu wa mahali pengine wakaanza kufunga madirisha. Jiji lilikuwa linahamisha tatizo. Wingi wa taka wenyewe haukuguswa. Ukiisoma historia hii vizuri utaona kwa nini wapangaji wa miji leo wanazungumzia kupunguza kinachofika dampo kuliko kutafuta dampo jipya.

Kinachoweza kurudi

Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika miji yetu ni taka zinazooza. Chungulia ndoo ya jikoni kwenu: maganda ya viazi na ndizi, majani ya mchicha, mabaki ya wali, mapumba ya nazi. Vitu hivi ndivyo vizito, ndivyo vinavyonuka, na ndivyo vinavyomaliza mafuta ya lori. Vikitenganishwa mapema vinakuwa mboji ya shambani au chakula cha mifugo.

Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji huko Mabwepande kinachopokea taka za masokoni. Kuanza na masoko ni akili. Sokoni taka karibu zote ni za aina moja, na mahali pa kuzichukua ni pamoja. Nyumbani ni kazi zaidi. Huko Bonyokwa, Ilala, asasi ya Nipe Fagio ilianzisha na wakazi utaratibu wa kutenganisha taka ndani ya kaya: zinazooza peke yake, zinazorejelezwa peke yake, zilizobaki peke yake. Wazoaji ni watu wa pale pale, wamejiunga katika ushirika, na taka huchambuliwa kwenye kituo kilicho ndani ya eneo lao. Kinachobaki kwenda dampo ni sehemu ndogo.

Siri ya urejelezaji iko kwenye kutenganisha, na sababu yake ni bei. Karatasi kavu ina mnunuzi. Karatasi iliyolowa mchuzi wa samaki haina. Chupa ya plastiki iliyo safi hupimwa kwenye mizani na kulipiwa kwa kilo, wakati ile iliyojaa tope inamlazimu mnunuzi kuiosha, naye anakata bei au anaikataa. Kwa hiyo mambo yanaamuliwa jikoni, pale mtu anapoamua atupe ganda kwenye ndoo ipi. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2004 ilitaka utenganishaji uanzie kwa mzalishaji wa taka. Lakini hapa halmashauri ina lawama yake halali: mama akitenganisha ndoo tatu asubuhi, kisha gari moja likaja na kuzimwaga zote pamoja, kesho hatatenganisha. Nani angetenganisha?

Usiwasahau waokota makopo na wanunuzi wa vyuma chakavu. Wamekuwa wakirejeleza kabla neno urejelezaji halijaingia kwenye vitabu vya shule. Wanaingia kwenye vizimba bila glovu, wanatoka na viroba vya chupa, na kwa kila kiroba wameipunguzia halmashauri mzigo ambao ingeulipia kuusafirisha. Mpango unaowafukuza kizimbani unajinyima wafanyakazi; unaowapa sare, glovu na mahali pa kupimia mizigo yao unapata nguvu kazi ambayo tayari ina ujuzi.

Mfano mmoja zaidi, kwa ufupi. Kuanzia tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mifuko ile ilitoweka mikononi mwa watu kwa kasi iliyowashangaza wengi, ingawa vifungashio vyepesi visivyo na viwango viliendelea kuonekana masokoni kwa kazi ile ile ya mifuko. Mfano huu unafaa kuonyesha kwamba amri inaweza kubadili tabia, na pia kwamba tabia hutafuta mlango wa nyuma.

Kutoka maarifa hadi hoja

Linganisha aya hizi mbili. Zote hazina kosa la sarufi.

Aya ya kwanza: “Halmashauri zinapaswa kulaumiwa kwa sababu hazizoi taka. Taka zikizagaa huleta magonjwa mbalimbali. Pia huharibu mazingira. Hivyo halmashauri zijitahidi kuzoa taka.”

Aya ya pili: “Halmashauri zinalaumika kwa sababu ndizo zinazochagua mkandarasi na kumsimamia. Gari lisipopita kwa wiki mbili, mkazi hana mamlaka ya kuvunja mkataba, halmashauri inayo. Isipoitumia, kaya huacha kulipa ada, na uzoaji unazidi kudorora.”

Aya ya kwanza inasema jambo moja mara tatu. Ya pili ina dai, sababu na matokeo, na kila sentensi inaisukuma inayofuata. Hiyo ndiyo tunaita hoja. Jipime hivi: ukiondoa sentensi moja katikati ya aya yako na aya isiyumbe, sentensi hiyo haikuwa na kazi.

Jambo la pili: neno “jadili” halikuombi ukubali wala ukatae tu. Linakutaka upime pande mbili kisha useme wewe unasimama wapi. Mtahiniwa anayeandika aya nne za lawama bila kumpa mwananchi hata mstari mmoja amejibu nusu ya swali. Anayegawa nusu kwa nusu na kumaliza kwa “kila mtu ana makosa” naye amekwepa. Viunganishi vya kugeuza upande, kama hata hivyo, kwa upande mwingine, licha ya hayo, vina thamani vikitumika pale ambapo kweli unageuka. Ukianza kila aya kwa “vilevile” msomaji atasinzia.

Insha ya kielelezo

NANI WA KULAUMIWA KWA TAKA MIJINI?

Katika miji mingi nchini si ajabu kukuta kizimba kilichofurika huku viroba vingine vikielea kwenye mtaro. Wapo wanaosema lawama zote ni za halmashauri. Kauli hiyo ina ukweli mwingi, ingawa haumalizi ukweli wote.

Kwanza, kusimamia taka ni wajibu wa halmashauri kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaja mamlaka ya serikali za mitaa kuwa yenye jukumu hilo. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ilikataa kuiongezea Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam muda wa kutupa taka Tabata, kwa sababu kufanya hivyo kulihatarisha haki ya wakazi ya kuishi. Mahakama haikuwaambia wakazi wavumilie.

Pili, halmashauri ndiyo inayochagua wakandarasi, kupanga ada na kuandaa bajeti. Gari lisipopita, mkazi hawezi kuvunja mkataba. Vilevile mkazi akitenganisha taka nyumbani, kisha gari likazichanganya tena, jitihada zake hupotea bure.

Hata hivyo, hakuna gari linaloweza kumfuata kila mtu anayetupa ganda dirishani mwa daladala. Baadhi yetu husubiri mvua ili tumwage taka mitaroni, tukijua kwamba zitaishia kwa jirani wa bondeni. Wengine hukwepa ada hata pale gari linapopita kila wiki. Mkandarasi asiyelipwa hawezi kununua mafuta. Moshi umesifika kwa usafi kwa sababu sheria ndogo zilisimamiwa na wakazi wakazifuata. Upande mmoja usingetosha.

Kwa maoni yangu, halmashauri inabeba lawama kubwa zaidi kwa kuwa ina mamlaka ambayo mwananchi hana. Inaweza kubadili mkandarasi, kuanzisha siku tofauti za kuzoa taka zinazooza na zisizooza, na kuwatambua waokota makopo kama wadau. Ikitimiza hayo, mwananchi atakayeendelea kumwaga taka mtaroni hatakuwa na kisingizio, na hapo faini itakuwa haki.

Maelezo kuhusu insha hii

Angalia msimamo uko wapi. Haukutajwa kwa ukali mwanzoni. Umedokezwa kwa maneno “ukweli mwingi” na kutolewa wazi baada ya pande zote kusikika. Mifano ni miwili tu yenye majina ya mahali, Tabata na Moshi, nayo imetosha, kwa maana kila mmoja umebeba hoja yake. Hakuna methali. Si kwamba methali ni kosa. Katika hotuba ingependeza. Katika insha ya hoja, methali mara nyingi hukaa mahali ambapo sababu ilipaswa kukaa.

Kama swali lingetaka hotuba ya mwenyekiti wa mtaa, ungebadili mwanzo kwa kuwatambua wasikilizaji kwa vyeo na heshima zao, ungetumia nafsi ya pili wingi, na ungeziacha namba za ibara. Mtu aliyesimama juani tangu saa tatu hataki ibara. Anataka kujua gari litapita siku gani.

Maswali ya kujipima

1. Andika aya moja yenye dai, sababu na matokeo kuhusu uchomaji wa taka uani. Isizidi maneno 60.

2. Sahihisha upatanisho: “Taka haya yametupwa kwenye dampo hiyo na mazingira imechafuka.”

3. Unda nomino mbili kutoka kila kitenzi: zoa, teketeza, chambua. Tumia kila nomino katika sentensi.

4. Fupisha sehemu yenye kichwa “Wananchi walipoishtaki halmashauri” kwa maneno yasiyozidi 80. Usiache mwaka wala sababu ya uamuzi wa jaji.

5. Wewe ni katibu wa mkutano wa mtaa uliojadili agenda mbili: gari la taka kutopita kwa wiki tatu, na kaya zinazokataa kulipa ada. Andika kumbukumbu za mkutano huo. Kila azimio lionyeshe nani atalitekeleza na lini.

6. “Kuwatoza faini wanaotupa taka ovyo kabla ya kuwapa mahali pa kuzitupa ni uonevu.” Jadili kwa maneno 250 hadi 300. Usitumie mfano wowote uliotumika katika insha ya kielelezo. Tafuta wa mtaani kwenu.